Manhaj ipi ya kusomea Qur'an zama hizi? Nimezipima kwa aya za riba

Darsa yetu hapa Ujiji imeingia kwenye mjadala wa kuchagua njia ya kusomea tafsiri, na mjadala umekuwa mrefu kuliko darsa yenyewe. Vijana wamechoka na mtindo wa aya moja kisa kimoja, aya nyingine kisa kingine, Ramadhani inaisha bado tuko Baqara. Mmoja kaleta jina la Fazlur Rahman, mwingine kila Ijumaa anatuma klipu za muujiza wa kisayansi, mimba na mbingu na bahari mbili, dada mmoja akauliza habari za Amina Wadud ustadhi akakohoa akahamia kwenye tangazo la madrasa. Nimeona tukibishana majina hatutafika popote, bora njia zenyewe zikae pamoja, zipewe swali moja, kila mtu aone zinavyojibu.

Kigezo changu nakisema mapema. Mi naangalia kama njia inanionyesha hatua zake au inanipa jibu tu. Maana sisi wengi Kiarabu chetu ni kile cha madrasa, tunasoma vizuri lakini kuelewa ni kwa msaada wa tarjama, sasa mtu wa namna hii akikaa barazani na msahafu mkononi anatakiwa aweze kumfuata mwalimu hatua kwa hatua na kumwambia shehe, samahani, hapa umeruka. Njia ambayo haikupi nafasi ya kusema hivo, hata iwe na wasomi wakubwa namna gani, kwa darsa ya mtaani haifai kuanzia.

Mtihani niliouchagua ni aya za riba, kwa sababu Kigoma hii riba sio nadharia. Mwenye boti Kibirizi anakopa hela ya nyavu na mafuta, mama wa dagaa anakopa mtaji, marejesho ni kila wiki, na ile mikopo tunayoita kausha damu haiangalii mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka boti zinalala, ila marejesho hayalali. Mwaka 2024 ziwa likafungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, sera yenyewe sina ugomvi nayo, lakini mwenye deni la wiki alikuwa anatafuta wapi? Kwa hiyo mtu akiniambia ana njia mpya ya kuielewa Qur'an namuuliza kwanza, haya, tuambie Qur'an inasemaje kuhusu huyu mama na deni lake.

Aya zenyewe ziko sehemu nne. Ar-Rum 39 iliyoshuka Makka, Al Imran 130 inayokataza kula riba maradufu kwa maradufu, An-Nisaa 161 inayowataja waliokatazwa riba kabla yetu wakaila, na Al-Baqara 275 mpaka 281 ambazo zimepokewa kuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kushuka. Shikeni hizo.

Al-Manar, ambayo mnaisoma tayari bila kujua

Watu wakisikia "tafsiri ya kisasa" wanadhani ni kitu cha Ulaya. Hii ya kwanza ninayoitaja ilitoka Azhar, chuo cha Kiislamu cha Misri. Muhammad Abduh, aliyefariki 1905, alikuwa anatoa darsa za tafsiri pale Cairo, mwanafunzi wake Rashid Rida anaandika na kuchapa kwenye jarida la al-Manar lililoanza 1898, na Rida akaendelea peke yake mpaka alipofariki 1935, hakumaliza, tafsiri ikaishia sura ya Yusuf. Lengo lao lilikuwa kuitoa Qur'an kwenye mabishano ya nahau na visa vya Israiliyyat, yaani hadithi zilizotoka kwa Mayahudi na Wakristo, vilivyojaa kwenye vitabu vya zamani, iwe kitabu cha uongofu kwa mtu wa kawaida mwenye matatizo ya leo.

Hiyo ndo ikaja pwani yetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki 1947, alikuwa msomaji wa al-Manar, na mwanafunzi wa mkondo huo ni Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, ambaye Qurani Takatifu yake ilitoka kamili 1969 kule Nairobi. Sasa nyumba ngapi Ujiji zina al-Farsy kabatini? Nyingi mno. Ukisoma maelezo yake ya chini, ule ukali dhidi ya ushirikina na uganga, ile hamu ya kuieleza aya kwa lugha ya mtu wa sokoni, hiyo ni harufu ya al-Manar moja kwa moja.

Kwenye riba Rida ana kitu cha maana. Anatenganisha riba ya Jahiliya, zama za kabla ya Uislamu, yaani deni limefika muda wake, mdaiwa hana, anaambiwa lipa au ongeza, na ile riba ya mabadilishano, kubadilisha kitu kwa cha aina yake kwa ziada, iliyokatazwa kwa hadithi, ambayo anaiona imekatazwa ili kuziba mlango wa ile ya kwanza. Ukimsikiliza unaona kabisa ile "lipa au ongeza" ndo lugha ya kausha damu, haijabadilika hata kidogo. Uzuri wake hatua zinaonekana, kasoro yake bado anakwenda aya kwa aya, picha kubwa inapotea njiani. Kama darsa yenu ni ya watu wazima wenye kazi zao, wanataka mwongozo na si ubishi, bakini hapa wala msihangaike.

Nadhm na mada: soma sura nzima, kusanya aya zote

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapopapenda.

Kuna mikondo miwili inayofanana. Wa kwanza wa Misri, Amin al-Khuli, aliyesema Qur'an isomwe kwanza kama maneno ya Kiarabu yaliyosemwa kwa Waarabu, ndipo fiqhi na mengine yafuate. Mwanafunzi wake, baadaye mkewe, ni Aisha Abdul Rahman, maarufu Bintu Shati, mzaliwa wa Dimyat 1913, alianza kuandika kwa jina la bandia kwa sababu baba yake hakutaka, akaishia profesa, akafundisha mpaka Morocco kwenye Qarawiyyin. Kitabu chake al-Tafsir al-Bayani kilitoka 1962, juzuu ya pili 1969. Kanuni zake: kusanya kila aya inayogusa mada, zipange kwa mpangilio wa kushuka, angalia Qur'an yenyewe inatumiaje neno kabla hujakimbilia kamusi, na visa vya nje visiingie. Mwanamke, anafasiri Qur'an kwa hoja za lugha tupu, na wanazuoni wa Misri wakamheshimu. Wale wanaosema dada zetu kwenye darsa wakae nyuma wasikilize tu wamsome huyu kwanza. Kasoro ni kwamba alishughulika na sura fupi 14 tu, nyingi za Makka, mambo ya madeni na mirathi hakuyafikia.

Mkondo wa pili ni wa Bara Hindi, Hamiduddin Farahi aliyefariki 1930 na mwanafunzi wake Amin Ahsan Islahi aliyefariki 1997, mwenye Tadabbur-i Qur'an ya juzuu 9 kwa Kiurdu. Wao neno lao kubwa ni nadhm, mpangilio. Wanasema kila sura ina nguzo moja inayobeba maneno yote, sura nyingi zinakwenda mbilimbili, na msahafu mzima umegawanyika makundi saba, kila kundi linaanza na za Makka linamalizika na za Madina.

Haya tupeleke kwenye riba. Mtu wa nadhm hakuruhusu uanze na Baqara 275. Anakwambia rudi nyuma mpaka 261, punje moja inayotoa mashuke saba. Unasoma sadaka, usiiharibu sadaka kwa masimango na maudhi, Shetani anawaahidi ufukara, maskini ambao hawaombi mpaka asiyejua akadhani ni matajiri, unafika 274 bado ni watoaji. Ndipo 275, wanaokula riba. Halafu 276, Mwenyezi Mungu anaifuta riba na anazizidisha sadaka, viwili vimegonganishwa kwenye aya moja. 280, mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na mkimsamehe kama sadaka ni bora kwenu. Umeona sadaka imerudi tena ndani ya deni? Na 282, ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, andikeni deni, wekeni mashahidi. Sasa nenda Al Imran, riba iko 130, aya ya 134 inasifu wanaotoa wakiwa na nafasi na wakiwa na dhiki. Nenda Ar-Rum, 38 mpe jamaa haki yake na maskini na msafiri, 39 riba haizidi mbele ya Mungu, inayozidi ni zaka. Sehemu tatu katika nne riba imewekwa uso kwa uso na kutoa.

Na hii hamhitaji kuniamini mimi. Fungua al-Farsy, fungua chochote, aya ziko palepale, mtoto wa darasa la sita anaweza kuhakikisha. Hiyo ndo maana ya hatua kuonekana. Na jibu lake kwa mama wa dagaa si "haramu" peke yake, ni kwamba jamii isiyotoa itazaa riba tu, kwa hiyo msikiti unaolaani kausha damu kila Ijumaa lakini hauna mfuko wa kumkopesha muumini bila nyongeza umesoma 275 ukaruka 261. Hapa mwenyekiti wa msikiti ataniangalia vibaya lakini poa.

Mapungufu yapo. Nadhm haikupi hukumu ya asilimia, ukiiuliza ada ya fomu ya saccos ni riba au si riba haina la kusema. Halafu wakati mwingine uhusiano unalazimishwa, ukitafuta mpangilio kwa nguvu utaupata hata kwenye daftari la madeni la duka.

Fazlur Rahman: nenda kule, rudi huku

Huyu ndo aliyeanzisha ugomvi. Mpakistani, kazaliwa 1919, miaka ya 60 alikuwa mkuu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa Kiislamu enzi za Ayub Khan, kitabu chake kikazua maandamano akajiuzulu 1968, akahamia Marekani akafundisha Chicago kuanzia 1969 mpaka alipofariki 1988. Njia yake aliiweka wazi kwenye kitabu cha 1982, ni safari ya hatua mbili. Ya kwanza unatoka leo unakwenda zama za kushuka, unauliza hali ilikuwaje, tatizo lilikuwa nini, hukumu hii ilikuja kutibu nini, unatoa lengo kuu. Ya pili unarudi na lile lengo mpaka leo, unaangalia hali yetu, unauliza hukumu gani leo italitimiza lengo lilelile. Abdullah Saeed wa chuo kikuu cha Melbourne akaja kuipanga vizuri zaidi kwenye kitabu cha 2006, anagawa maadili ya Qur'an kwa ngazi, yapi hayabadiliki kabisa na yapi yamefungwa na mazingira, na kwa kweli kama mtu anataka kuanza mkondo huu aanze na Saeed, Rahman anaandika kizito.

Kwenye riba Rahman aliandika mapema, miaka ya 60 hiyohiyo. Hoja yake ni kwamba riba ya Qur'an ni ile ya kuongezeka maradufu inayomzamisha mdaiwa, lengo ni kuzuia unyonyaji, kwa hiyo sio kila faida ya benki inaingia humo.

Sasa tuipime. Kwa kausha damu njia hii ni kali kuliko zote, maana haidanganyiki na majina. Mkopeshaji akiita "ada ya huduma", akiita "faini ya kuchelewa", akiita "mchango", Rahman anauliza kitu kimoja, je matokeo yake ni yaleyale ya Jahiliya? Ni yaleyale, basi. Na inafanya kazi upande wa pili pia ambao watu hawaupendi. Benki za Kiislamu zipo nchini, Amana ilianza 2011, na mikataba ya murabaha, benki inanunua kitu inakuuzia kwa faida unalipa polepole, watu wameizoea, kifiqhi imekaa sawa. Mtu wa Rahman hataishia kwenye jina la mkataba, atauliza mdaiwa akikwama ziwa likifungwa anafanywaje. Swali hilo ni zuri kwa kila mkopeshaji, wa Kiislamu na asiyekuwa.

Lakini kwenye kuiachia riba ndogo, hapo namuona anaruka. Baqara 279 inasema mkitubu basi mna haki ya rasilimali zenu, hamtadhulumu wala hamtadhulumiwa. Rasilimali tu. Neno maradufu halipo hapo, lipo Al Imran 130 iliyotangulia kushuka. Mawdudi, mfasiri wa Pakistan, na wenzake wakambana hapohapo na hakutoka vizuri, kwa maoni yangu. Tatizo la njia hii kwa ujumla ndo hilo: lengo la aya anayelitaja ni msomaji, akishalitaja lina nguvu kuliko aya. Msomaji mcha Mungu na mwenye elimu atakuwa makini, msomaji mwenye haraka atapata lengo analolitaka tangu asubuhi. Hatua ya kwanza, ya kwenda kule, inahitaji sira, maisha ya Mtume, na historia na asbabu nuzul, sababu za aya kushuka, kitu ambacho darsa nyingi hatuna vitabu vyake, kwa hiyo tunarukia hatua ya pili ambayo ni tamu.

Na mjue kuna gharama. Nasr Hamid Abu Zayd wa Misri alikwenda mbali zaidi kwenye kuisoma Qur'an kama matini iliyozungumza na jamii yake, 1995 mahakama ikamhukumu kuwa ametoka kwenye dini na ndoa yake ikavunjwa, akahamia Leiden Uholanzi na mkewe, akafariki 2010. Sisemi hivi kuwatisha, nasema kijana anayekwenda kumwaga maneno haya mimbarini Mwanga au Gungu bila maandalizi ajue anagusa nini.

Muujiza wa kisayansi

Fupi tu. Hii ni njia inayosema Qur'an ilitaja mapema mambo ambayo sayansi imekuja kuyagundua baadaye. Tantawi Jawhari wa Misri, aliyefariki 1940, aliandika al-Jawahir juzuu 26 zenye mimea na nyota na picha, halafu daktari wa Kifaransa Maurice Bucaille akatoa kitabu chake 1976, na tangu hapo klipu hazijakoma. Hapa kwetu zilipata soko kubwa kwa sababu ya mihadhara ya kulinganisha dini ya miaka ya 80 na 90, ukumbi umejaa, mtu anataka hoja ya kumnyamazisha mwenzake.

Nikaipeleka kwenye aya za riba. Haina la kusema. Wala kwenye mirathi, wala ndoa, wala ushahidi, inafanya kazi kwenye aya chache zinazotaja maumbile tu, na huko kwenyewe inafanya kazi baada ya wazungu kugundua, sijawahi kuona klipu inayotabiri jambo ambalo maabara haijalitaja. Nadharia ikibadilika aya inabaki inaning'inia. Kumbukeni hii si hoja ya wapinga dini, al-Shatibi wa Andalusia aliyefariki 1388 alishakataa kuipakia Qur'an elimu zote za dunia, na Bintu Shati huyohuyo mwaka 1970 aliandika kitabu kizima kumjibu mwandishi wa Misri Mustafa Mahmud aliyefasiri kwa mtindo huu. Hatua zake hazionekani, kwa sababu mruko kutoka aya mpaka maabara anaufanya mtoa klipu na wewe unapigiwa takbira tu.

Vyuo vikuu vya Ulaya

Theodor Nöldeke Mjerumani alichapa historia yake ya Qur'an 1860, akazigawa sura za Makka vipindi vitatu, na mgawo wake bado unatumika. Baadaye wakaja wakali zaidi, John Wansbrough wa London 1977 akadai matini ilichukua karibu miaka 200 kutulia. Hiyo imepoteza nguvu, kwa sababu miswada ya zamani imepatikana na kupimwa, zile kurasa za msahafu wa kale zilizoko Birmingham Uingereza, zilizotangazwa 2015, ngozi yake ilikadiriwa kuwa ya kati ya 568 na 645, yaani karibu kabisa na zama za Mtume mwenyewe. Leo anayesomwa zaidi ni Angelika Neuwirth na mradi wa Corpus Coranicum wa Berlin ulioanza 2007, anaiangalia Qur'an kama maneno yaliyosikilizwa na umma uliokuwa unakua, na anaheshimu muundo wa sura kuliko waliomtangulia. Ukimsoma sambamba na Islahi utashangaa, watu wawili hawajuani wamefika karibu na karibu kwenye kuiona sura kama kitu kimoja.

Wanachokosa kwa darsa yetu ni kwamba hawakuambii ufanye nini. Wanaeleza, hawaongozi, na wala hawajifanyi kuongoza, ni waaminifu kwenye hilo. Mwanafunzi wa chuo asome. Barazani hapana, sio kwa kuogopa, ni kwamba swali la mama wa dagaa haliko huko.

Nisaa 34, kwa ajili ya yule dada

Swali lake kuhusu Amina Wadud halikujibiwa kwa hiyo nalijibu hapa, na hii iwe mtihani wa pili: An-Nisaa 34, aya inayotaja usimamizi wa wanaume juu ya wanawake na ruhusa ya mume kumpiga mke.

Amina Wadud, Mmarekani mweusi aliyesilimu, kitabu chake Qur'an and Woman kilitoka Kuala Lumpur 1992. Anatumia mambo mawili tuliyoyaona, kukusanya aya zote za mada na hatua za Rahman. Usimamizi wa mwanaume uliotajwa kwenye aya anausoma kuwa una sharti, umefungwa na kutoa mali na kubeba wajibu hasa pale mwanamke anapobeba mimba na kulea, asiyetimiza wajibu hana cha kudai. Kwenye lile suala la kupiga, kitabu cha kwanza kilijaribu kulieleza, ila kitabu chake cha 2006 kikasema waziwazi kwamba hapo yeye anaikataa kauli hiyo. Na 2005 aliswalisha Ijumaa New York wanaume na wanawake pamoja, hapo ndo masheikh wengi walipofunga faili lake.

Weka pembeni yake Muhammad al-Tahir Ibn Ashur, mufti mkubwa wa Tunis, aliyefariki 1973, mwenye tafsiri ya juzuu 30. Yeye hakukataa chochote. Alisema ruhusa hiyo imefungwa na hali na mila za watu, na viongozi wakijua waume hawazishiki hukumu za Mungu mahali pake wana haki ya kuwazuia wasipige na kumwadhibu atakayepiga. Nyuma yake ana Ata ibn Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka wa kizazi cha waliowafuata masahaba, aliyesema asipigwe. Na kuna hadithi ya Bibi Aisha kwenye Sahih Muslim kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

Wawili hawa kwa mke wa Ujiji anayepigwa matokeo hayako mbali. Ila hatua za Ibn Ashur unaweza kuzitembea mbele ya shehe yeyote wa Shafii wa mji huu moja baada ya nyingine na hatapata pa kukukatisha, za Wadud zinafika mahali panaitwa "mimi hapa nakataa" na hapo mjadala unakufa. Sisemi hana ujasiri, anao, na sura yake ya pili ya kitabu cha kwanza ningependa isomwe. Nasema kama unataka kitu kibadilike kwenye nyumba za watu, si kwenye ukumbi wa chuo, chagua njia inayosikilizwa.

Vitabu vinavyopatikana kwa Kiswahili

Hapa uchaguzi unabanwa na kabati. Al-Farsy nimeshamtaja. Ali Muhsin al-Barwani alitoa tarjama yake 1995, imetokana na al-Muntakhab, tafsiri fupi ya Misri, Kiswahili chake kitamu kweli, ila mjue al-Muntakhab yenyewe ina maelezo ya kisayansi humo ndani, kwa hiyo anayempenda Barwani anameza na njia ya nne kidogo. Al-Kashif ya Muhammad Jawad Mughniyya wa Lebanon imetafsiriwa juzuu kwa juzuu na Hassan Mwalupa, ni ya Kishia, najua wengi hapa wataiweka chini wakisikia hivo, lakini kwa kuunganisha aya na maisha ya kijana wa leo ni nzuri na ipo mtandaoni bure, chukua unachokubaliana nacho. Mawdudi anasaidia sana kwa dibaji zake za kila sura, hata kama humfuati kwenye siasa.

Islahi, Bintu Shati, Rahman, Saeed kwa Kiswahili sijawaona. Ndo maana nasema mwenye Kiingereza kwenye darsa apewe kazi ya kumsoma Saeed na kuleta muhtasari, mwenye Kiarabu alete Ibn Ashur, na sisi wengine tushike nadhm, ambayo haihitaji kununua kitabu kipya. Wiki ijayo njoo na tarjama yoyote uliyonayo, juzuu ya 3, tusome Baqara 261 mpaka 283 kwa mkao mmoja bila kusimama kwa kisa chochote, halafu ndo tufungue mjadala wa ule mfuko wa mikopo wa msikiti.